UZI: Namna Waingereza walivyomng'oa Maharaja Malhar Rao wa Baroda mwaka 1875, baada ya kesi kugota tatu kwa tatu

Mleta uzi:

Wakuu, salaam.

Leo nataka tumzungumzie Malhar Rao Gaekwad, mtawala wa Baroda, aliyeshtakiwa kwamba alijaribu kumuua ofisa wa Kiingereza kwa sumu ndani ya glasi ya sharubati ya balungi. Waliomsikiliza walikuwa sita. Waingereza watatu wakasema ana hatia, Wahindi watatu wakasema haijathibitika. Hazikupita wiki nyingi akavuliwa utawala vilevile, na tangazo la kumvua likasema wazi kwamba halikuegemea ile sumu. Kila nikilirudia jambo hili linanikera upya, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Kwanza tuelewe Baroda ilikuwa nini. Siku hizi mji unaitwa Vadodara, uko Gujarat, magharibi mwa India. Ukoo wa Gaekwad ni Wamaratha, wapiganaji kutoka magharibi mwa India, waliojipatia sehemu hizo karne ya 18. Kampuni ya Mashariki ya India, ile ya Waingereza, iliwabana kwa mikataba, mkubwa ukiwa wa 1805 na mwingine wa 1817. Gaekwad akabaki na kiti, kodi, mahakama na heshima ya mizinga 21. Mwingereza akachukua ulinzi na mambo ya nje, akaweka na mtu wake pale pale mji mkuu, Rezidenti. Rezidenti hakuwa mtawala kwenye karatasi yoyote. Lakini barua zote za Maharaja kwenda serikalini zilipitia mikononi mwake, na taarifa zote za Baroda ziliandikwa naye. Hapo ndipo nguvu yake ilipokaa.

Pili, kwa nini hawakuichukua tu nchi nzima? Kwa sababu walishawahi kufanya hivyo wakaona matokeo. Gavana Mkuu Lord Dalhousie alizimeza nchi za Satara (1848), Jhansi na Nagpur, kisha Awadh mwaka 1856. Mwaka uliofuata, 1857, India ya kaskazini ikawaka moto wa uasi. Mwaka 1858 Malkia Victoria akatoa tangazo kwamba hawataki kuongeza ardhi, na kwamba mikataba na haki za watawala wa kienyeji zitaheshimiwa. Kuanzia hapo kuinyang'anya nchi ikawa mwiko, ila kumtoa mtu na kumweka mwingine mlango ulibaki wazi. Baroda ndiyo kesi kubwa ya kwanza iliyopimia mlango huo baada ya 1858.

Naendelea chini.

Mbuyu Mkavu:

Nipo siti ya mbele mkuu. Huyo Malhar Rao alikuwa mtu wa aina gani? Usije ukatuletea malaika.

Mleta uzi:

Mkuu Mbuyu, malaika hakuwa, na nisingependa mtu ajifanye kwamba alikuwa.

Alizaliwa 1831. Kaka yake Khanderao alitawala tangu 1856, na mwaka 1863 akamfunga Malhar Rao huko Padra kwa tuhuma za kupanga njama ya kumuua. Khanderao akafariki Novemba 1870 bila mtoto wa kiume. Malhar Rao akatolewa kifungoni akaenda kukaa kwenye kiti. Lakini mjane wa kaka yake, Jamnabai, alikuwa mjamzito, na angejifungua mvulana basi utawala ungekuwa wa mtoto. Fikirieni miezi ile ndani ya kasri: mtu ametoka jela, ana taji kichwani, na usalama wake wote unategemea tumbo la shemeji yake. Mwaka 1871 akazaliwa msichana. Malhar Rao akapumua.

Akaanza kulipa visasi. Bhau Shinde, aliyekuwa waziri wa Khanderao, akatupwa gerezani na akafia humo. Kodi za ardhi zilikuwa nzito na juu yake yakatozwa malipo mengine kila kukicha. Masonara na wenye mabenki wakalalamika kunyang'anywa mali. Watu walichapwa viboko hadharani na wengine wakapoteza maisha. Malalamiko yaliyonishika zaidi ni ya wanawake waliokamatwa kwa nguvu na kuingizwa kasrini kama watumwa. Wakati huohuo Maharaja aliagiza mizinga miwili ya dhahabu, kwa kuwa kaka yake alikuwa ameacha ya fedha.

Kwa hiyo mkulima wa Baroda alikuwa na kila haki ya kumchukia mtawala huyu. Naomba hilo libaki kichwani tunapoendelea, kwa sababu ndilo linaloifanya kesi hii iwe ngumu.

Machi 1873 akaja Rezidenti mpya, Kanali Robert Phayre. Mwanajeshi, mcha Mungu, mchapakazi, na mtu ambaye akishaamua fulani ni mwovu hasikii tena la mwadhini wala la mnadi swala. Alifungua mlango kwa kila mwenye kinyongo na Maharaja. Watoa habari wakawa wanaingia na kutoka nyumbani kwake, yeye akiandika taarifa baada ya taarifa kwenda Bombay. Mwishoni mwa 1873 serikali ikaunda tume chini ya Kanali Richard Meade kuchunguza uongozi wa Baroda. Tume ikakuta mengi ya malalamiko yana ukweli. Julai 1874 Gavana Mkuu wa India, Lord Northbrook, akampa Malhar Rao hadi tarehe 31 Desemba 1875 awe amejirekebisha.

Ishikeni tarehe hiyo: mwisho wa 1875.

Na hapa anaingia mtu ambaye wengi mnamjua kwa jina: Dadabhai Naoroji, yule ambaye 1892 alichaguliwa kuwa mbunge London, jimbo la Finsbury Central. Malhar Rao alimwita awe Dewan, yaani waziri mkuu. Naoroji akaja na wenzake wasomi wa Bombay, akaanza kusafisha mahakama na kupambana na rushwa. Mtu angetegemea Rezidenti afurahi. Phayre akampinga tangu siku ya kwanza. Kwake hakuna jema lingeweza kutoka kwa mtu aliyeteuliwa na Malhar Rao. Naoroji akajikuta upande mmoja anapigana na wala rushwa wa kasri, upande wa pili na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kuhimiza marekebisho hayohayo.

Tarehe 2 Novemba 1874 Maharaja akamwandikia Gavana Mkuu barua ya kuomba Phayre aondolewe, kwamba kwa hali ile marekebisho hayawezekani. Wiki moja baadaye, Novemba 9, ikatokea habari ya sharubati.

Binti Forodhani:

Mkuu usikatie hapo jamani. Hiyo sharubati nani alitengeneza, nani alipeleka, nani alikuwa chumbani? Kesi za sumu zinakaa humo.

Mleta uzi:

Dada Forodhani, umeuliza swali la wakili.

Phayre alikuwa na desturi: alfajiri anatoka matembezi, akirudi anakuta glasi ya sharubati ya balungi imewekwa juu ya meza ya kunawia ofisini kwake. Siku ile alikunywa mafunda machache tu, hakuipenda ladha, akaimwaga nje barazani. Baada ya muda akahisi kichefuchefu na kizunguzungu. Akaitazama glasi, akaona mashapo meusi chini yake. Akamwita daktari wa Rezidensi, Dk. Seward, aliyeyapima mabaki na kukuta sumu ya aseniki. Mengine yakapelekwa kwa Dk. Gray, mkemia wa serikali Bombay, naye akathibitisha aseniki na kuongeza kwamba kuna unga wa almasi. Siku zile watu wengi waliamini unga wa almasi unaua kwa kukata utumbo.

Uchunguzi ukachukuliwa na Frank Souter, mkuu wa polisi wa Bombay, na vijana wake. Wakabanwa watumishi wa Rezidensi: yaya aitwaye Amina, Raoji aliyekuwa kiongozi wa matarishi, Narsu jemadari wao, na Pedro mpishi-mhudumu kutoka Goa. Habari iliyotoka ni kwamba baadhi yao walikuwa wakienda usiku kasrini kukutana na Maharaja, wakipewa fedha kwa kupeleka umbea wa nyumba ya Rezidenti. Raoji alikuwa ameanza kutumia kuliko mshahara wake. Akakiri, kwa ahadi ya msamaha, kwamba yeye ndiye aliyetia unga kwenye sharubati, na kwamba pakiti alipewa na Narsu. Narsu naye akakiri, kisha akajitupa kisimani ndani ya uwanja wa Rezidensi, akaopolewa. Damodar Pant, katibu wa Maharaja mwenyewe, akiwa kizuizini, akapewa msamaha na kusema yeye ndiye aliyetafuta aseniki na almasi kwa amri ya bosi wake.

Sasa angalieni jambo moja kwa karibu. Baada ya Raoji kukiri, mpelelezi mmoja wa Souter, Akbar Ali, akaukagua mkanda wa kazi aliokuwa akiuvaa Raoji. Ndani ya mkanda ikaonekana pakiti ndogo ya karatasi yenye aseniki. Yaani mtu amehojiwa, amekiri, majuma kadhaa yamepita tangu tukio, na ushahidi mkubwa kuliko wote unapatikana kwenye mkanda wake, mikononi mwa polisi. Mimi nikifika hapo husimama. Inawezekana kabisa ni kweli Raoji alisahau pakiti humo. Lakini ukitaka kumwangusha mfalme kwa ushahidi huo, unatakiwa uwe na kitu kingine kando yake kisichotoka mdomoni mwa mtu aliyeahidiwa msamaha.

Wakili wa Mtaani:

Nafuatilia. Swali langu ni mamlaka. Maharaja si raia wa Uingereza, si mtumishi wa Malkia. Walimshtaki chini ya sheria gani?

Mleta uzi:

Hakuna sheria, ndugu yangu, na wao walilijua hilo. Ndiyo maana hawakuiita mahakama. Waliiita tume ya uchunguzi, ingawa ilikuwa na mwendesha mashtaka, mawakili wa utetezi, viapo na mashahidi wa kuhojiwa.

Phayre aliondolewa mwishoni mwa Novemba. Hapa pia pana jambo: Calcutta, yaani serikali ya Gavana Mkuu, ilikuwa imeshachoka naye, lakini serikali ya Bombay, ambayo ndiyo iliyokuwa bosi wake, ilikuwa ikimkingia kifua. Nafasi yake ikachukuliwa na Sir Lewis Pelly. Januari 14, 1875, Malhar Rao akakamatwa, askari wa Kiingereza wakiwa tayari mjini, na uongozi wa Baroda ukawekwa mikononi mwa Pelly kwa niaba ya Malkia. Naoroji alishaandika barua ya kujiuzulu kabla ya siku hiyo. Rudini kwenye ile tarehe niliyosema mshike: muda wa marekebisho ulikuwa bado unakaribia mwaka mzima.

Tume ilianza kukaa Februari 23. Waingereza walikuwa Sir Richard Couch, Jaji Mkuu wa Bengal, aliyekuwa mwenyekiti. Sir Richard Meade, ndiyo, yuleyule aliyeongoza tume ya kwanza dhidi ya Maharaja. Na Philip Melvill. Wahindi walikuwa Maharaja Scindia wa Gwalior, Maharaja Ram Singh wa Jaipur, na Sir Dinkar Rao, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Gwalior. Hao watatu hawakuwa wapinzani wa Uingereza. Gwalior na Dinkar Rao walisimama na Waingereza mwaka 1857 wakati wenzao wanaasi. Waliwekwa pale ili India yote ione kwamba mtawala anahukumiwa na watawala wenzake.

Malhar Rao akamleta Serjeant William Ballantine kutoka London, mmoja wa mawakili mashuhuri wa mahojiano Uingereza nzima. Ballantine aliwachambua mashahidi mmoja mmoja. Kuhusu Raoji na Damodar Pant alihoji: watu waliokuwa wakiokoa shingo zao, wamekaa chini ya ulinzi wa walewale wanaotafuta ushahidi, waaminiwe kwa lipi? Kuhusu Pedro, ambaye Raoji alimtaja kuwa naye alipewa pakiti, Pedro alikana moja kwa moja. Kuhusu ule mkanda, mnajua mlipofikia wenyewe. Akauliza pia swali ambalo hadi leo naona halijajibiwa vizuri: Maharaja ameshaandika barua ya kuomba Phayre aondoke, Dewan wake anajua Calcutta inasikiliza, kwa nini wiki hiyohiyo ajitie kitanzini kwa kumtilia sumu?

Ripoti ikaja mwishoni mwa Machi. Couch, Meade na Melvill: ana hatia ya kuchochea jaribio la kumuua Phayre. Scindia, Jaipur na Dinkar Rao: haijathibitika. Tatu kwa tatu.

Northbrook aliamini Waingereza wenzake na alitaka Malhar Rao atolewe kwa kosa la sumu. London ikaona hatari yake: utatangazaje hatia ambayo nusu ya tume, tena ile nusu uliyoiweka ili uaminike, imeikataa? Lord Salisbury, waziri wa mambo ya India, na baraza la mawaziri wakaelekeza njia nyingine. Tangazo la Aprili 1875 likasema Malhar Rao anaondolewa kwa mwenendo wake mbaya unaojulikana, uongozi mbovu uliokithiri, na kutoweza kwake kufanya marekebisho. Yeye na kizazi chake wakanyimwa kiti.

Uongozi mbovu! Jambo ambalo walishampa muda nalo hadi Desemba, na wao wenyewe wakamkata katikati ya muda huo kwa kumkamata.

Akapakiwa treni, akapelekwa Madras. Mjini Baroda zikazuka vurugu za watu waliotaka mtoto wake mchanga, aliyemzaa na mkewe Lakshmibai, atawazwe. Zikazimwa. Alifariki 1882 bila kuiona tena Baroda.

Mbuyu Mkavu:

Mkuu nashukuru, lakini mimi sikubaliani na hasira zako. Wale wanawake waliofungiwa kasrini, wale waliochapwa mpaka kufa, nani angewatetea? Naoroji alishindwa. Mtu mbaya katolewa, basi. Njia ilikuwa chafu, matokeo mazuri.

Mleta uzi:

Hoja yako ni nzito na nisingependa kuipita juu juu.

Wale watu walistahili kuokolewa, na tume ya kwanza ya Meade ilifanya kazi ya kweli kuwasikiliza. Kama Northbrook angesubiri Desemba 1875, akakuta hakuna kilichobadilika, akamwambia Malhar Rao muda wako umekwisha, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika hapa. Ningesema mkoloni alikuwa na maslahi yake lakini alishika alichoahidi. Kinachonikera ni kwamba walitafuta njia ya mkato, njia ikagota, wakarudi nyuma kuchukua sababu waliyokuwa wameiweka kando. Wakulima wa Baroda hawakutajwa kama sababu hadi sumu iliposhindwa kuthibitika.

Na kuhusu Naoroji kushindwa: alikuwa na miezi michache, na Rezidenti alikuwa akimvuta shati kwa nyuma. Huwezi kumfunga mtu miguu kisha ukasema hajui kukimbia.

Magazeti ya Wahindi ya wakati ule yaliona hivyohivyo. Wale walioandika kumtetea Malhar Rao wengi hawakumpenda. Walitetea mkataba. Poona Sarvajanik Sabha, chama cha wasomi wa Poona, kilipeleka maombi serikalini juu ya haki zake. Watu wa mikoa ambayo haijawahi kutawaliwa na Gaekwad, hadi Bengal, wakaanza kulifuatilia jambo la Baroda kama la kwao. Miaka kumi baadaye ndipo Congress, chama kilichokuja kudai uhuru wa India, ikazaliwa, 1885, na Naoroji akawemo tangu mwanzo.

Binti Forodhani:

Huyo Pelly ndiye yule aliyekuwa huku kwetu Unguja?

Mleta uzi:

Ndiye, dada. Lewis Pelly alishika ubalozi wa Uingereza Zanzibar 1861 hadi 1862, enzi za Sayyid Majid, kisha akapelekwa Bushire kuwa Rezidenti wa Ghuba kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1873 akarudi Unguja akifuatana na Sir Bartle Frere kumbana Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa. Frere aliondoka bila saini. Barghash alisaini Juni 5 mwaka huohuo, baada ya John Kirk kumweleza kwamba manowari zitafunga kisiwa. Mwaka na nusu tu baadaye Pelly yuko Baroda anamkamata Maharaja. Wakati ule Bombay na Zanzibar vilikuwa kwenye njia moja ya kupandia vyeo, na mtu alihama na mbinu zake.

Ukitaka kulinganisha na 1896, Khalid bin Barghash aliondolewa kwa mizinga ya manowari chini ya saa moja, bila tume wala wakili. Hapo hawakuhitaji kumshawishi yeyote. Baroda walihitaji, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na mamia ya watawala wengine wakitazama na kujiuliza nani anafuata.

Wakili wa Mtaani:

Na waliyemweka baada yake alifaa?

Mleta uzi:

Alifaa sana, na hili nalisema kwa moyo mweupe. Jamnabai, yule mjane, aliruhusiwa kuasili mtoto kutoka ukoo wa Gaekwad. Wakaletwa wavulana kutoka kijiji cha Kavlana, wilaya ya Nashik, watoto wa wakulima. Akachaguliwa Gopalrao, wa umri wa miaka kumi na mbili hivi, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Mei 1875 akawa Sayajirao wa Tatu. Sir T. Madhava Rao akaongoza serikali mpaka kijana alipokomaa 1881.

Waingereza walidhani wamejipatia mtu wa kumfinyanga. Sayajirao akaweka elimu ya msingi ya lazima Baroda nzima mwaka 1906, kabla ya sehemu za India zilizotawaliwa moja kwa moja na Waingereza kuthubutu. Alimlipia masomo ya New York Ambedkar, aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India. Mwaka 1908 akaanzisha Bank of Baroda, ileile iliyofungua matawi Mombasa na Kampala mwaka 1953. Na 1911, Delhi, mbele ya Mfalme George wa Tano, aliinama mara moja kwa kifupi, akageuka akaondoka akimpa mfalme mgongo. Maofisa wakawaka, akalazimika kuandika barua ya kuomba radhi. Lakini hawakumng'oa. Alitawala hadi alipofariki 1939.

Mbuyu Mkavu:

Na Phayre je? Aliwajibishwa?

Mleta uzi:

Hapana. Alirudi jeshini. Mwaka 1880, kwenye vita vya pili vya Afghanistan, aliongoza kikosi cha kutokea Quetta kwenda kuiokoa Kandahar, Jenerali Roberts akamtangulia kufika. Akapewa cheo cha Sir mwaka uliofuata. Raoji na Damodar Pant walikuwa na misamaha yao mfukoni.